Miaka Kumi na Tisa Kichwa Chini

Nahodha wetu mpya ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana watakaocheza safu ya mbele baada yangu. Nilimwambia kwamba kwa miaka kumi na tisa niliyocheza raga Migori, sehemu kubwa ya mchezo niliitazama kupitia miguu ya watu wengine. Mtu akitaka kujua mechi fulani ilikwendaje, ni afadhali amuulize mwingine. Akasema anajua, na ndiyo sababu ananiomba mimi. Mpaka leo sijaamua kama hiyo ilikuwa sifa.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, nieleze mara moja. Katika raga, mchezo ukisimama kwa kosa dogo, watu wanane wa upande huu huinama, wakashikana, wakasukumana na wanane wa upande ule, na mpira hutiwa katikati yao. Hiyo ndiyo skramu. Mbele kabisa kila upande una watu watatu. Wa katikati ni huka, anayeuvuta mpira kwa mguu, na mikono yake yote miwili huwa imewakumbatia wenzake wa kulia na kushoto. Wale wawili wa pembeni huitwa nguzo. Mimi nilikuwa nguzo wa kulia. Nguzo hakimbii sana, hapigi mikwaju, na ukimwona kwenye picha ya gazeti, ujue alikuwa amesimama nyuma ya mtu aliyefunga.

Sikuanza kwa mapenzi ya mchezo. Nilikuwa mpakiaji pale Isebania, nikishusha magunia ya mahindi kwenye malori. Siku moja Mwalimu Okeyo, aliyekuwa akifundisha fizikia Migori na kuinoa timu ya mji, alifika pale kununua mahindi ya nyumbani kwake. Akanikuta nimebeba gunia begani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ninagombana na utingo. Alisubiri ugomvi uishe, kisha akaniuliza nina uzito gani. Nikamwambia sijui, hapa tunapima mahindi. Akaniomba nipande kwenye mizani ya magunia. Karani akausoma uzito wangu kwa sauti, vilevile kama anavyosoma wa magunia, na wapakiaji wenzangu wakacheka mpaka lori lililofuata likakosa mtu wa kulishusha.

Mwalimu aliniambia Jumamosi nifike Migori, kutakuwa na mazoezi, na baada ya mazoezi kutakuwa na supu ya mifupa. Nilikwenda kwa ajili ya supu. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewasikia vijana wetu wakihojiwa na redio, wote eti waliitwa na moyo.

Nilifika na gambuti. Sikuwa na viatu vya kuchezea, na hakuna duka Isebania lililokuwa na saizi yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu hachezi raga na gambuti, maana walikuwa wanangoja waone itakuwaje. Timu ilikuwa ya Wajaluo karibu wote, na mimi Mkuria nilijua maneno matatu ya Kijaluo, yote ya sokoni. Tulipoingia kwenye skramu ya kwanza, watu walianza kupiga kelele nyuma yangu, “Dhir! Dhir!” Nikadhani Dhir ni jina la mchezaji. Nikasimama wima kumtafuta. Skramu nzima ikanipitia. Nilipofungua macho, mtu mwenye mikono iliyojaa alama za moto alikuwa ameniinamia. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili, kwamba dhir maana yake ni sukuma.

Huyo ndiye Ouma. Alikuwa nguzo wa kushoto, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na kila ninachokijua cha halali katika kazi hii ni yeye aliyenifundisha. Ule mtambo wa kufanyia mazoezi ya skramu, ambao vijana mnauona uko kando ya uwanja na kuulalamikia, ni yeye aliyeuunganisha. Alitumia fremu ya pikapu iliyokufa, akaifungia sponji za godoro mbele, akaijaza mawe. Hauna magurudumu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema wapinzani nao hawana.

Somo lake la kwanza lilikuwa mgongo. Nguzo lazima mgongo wake uwe bapa kama meza, mabega juu kidogo ya kiuno, shingo imenyooka, macho yakitazama mbele na si chini. Ouma aliniweka mbele ya mtambo, akanipandishia besheni la maji mgongoni, akasema nisukume bila kuyamwaga. Niliyamwaga kwa wiki tatu. Wiki ya nne yalibaki, kwa sababu nilikuwa nimekwama na siwezi kusogea. Somo la pili lilikuwa masikio. Yafunge kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, uzungushe kichwa mara tatu, kisha upake mafuta ya kujipaka juu. Msimu wa kwanza nilikataa, nikaona nitachekesha. Mwisho wa msimu masikio yangu yalikuwa yamevimba na kujikunja kama mandazi. Boke, ambaye hakuwa bado mke wangu, alimuuliza dada yake kama hali ile inaambukiza.

Viatu nilishonewa na fundi mmoja wa Rongo, akatumia soli ya tairi na kuipigilia njumu za mbao. Nilivitumia miaka sita. Viliponyeshewa vilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, kila kimoja.

Vijana huniuliza kama niliwahi kucheza kimataifa. Niliwahi, mara moja. Timu ya walimu na vijana wa upande wa pili wa mpaka ilitualika, tukavuka kwa miguu kutoka Isebania kwenda Sirare, mabegi mgongoni. Afisa wa mpakani alituuliza tunakwenda kufanya nini. Mwalimu Okeyo akasema raga. Afisa akataka kujua kama bidhaa hiyo inatozwa ushuru. Tulifungwa vibaya siku ile. Niliugusa mpira mara mbili, ya pili kwa uso. Lakini tulikuwa tumetoka Kenya tukaingia Tanzania, na wao walikuwa Watanzania, kwa hiyo sioni neno jingine la kutumia kwa mechi ile. Boke hunikataza kulisema mbele ya wageni.

Basi, misimu minane ilikwenda hivyo. Nilihamia Migori mjini, nikapata kazi kwenye ghala la nafaka, nikaoa, nikajifunza Kijaluo cha kutosha kutukanwa nikaelewa. Ouma alianza kuzeeka, akarudi nyuma safu moja, akawa anasukuma akiwa nyuma yangu, bega lake chini ya kalio langu na kichwa chake kando ya paja langu. Si mahali ambapo mtu huchagua, lakini nilijisikia salama naye akiwa pale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nahodha hakuniomba niliandike.

Nguzo anapozidiwa nguvu, kuna namna ya kuficha. Mkono wa nje, ulioshika jezi ya mpinzani, anauvuta chini kidogo. Goti analilegeza. Skramu nzima inaporomoka. Refa, kama amesimama upande wa pili, anachokiona ni mpinzani aliyelala kifudifudi, naye anauadhibu upande wa mpinzani. Hakuna aliyenifundisha ujanja huu. Ouma alinifundisha kubaki juu. Kuanguka nilijifunza mwenyewe, na nikawa hodari kuliko nilivyowahi kuwa katika jambo lolote la halali. Watu walianza kuniita profesa. Nilipenda jina hilo sana, nikizingatia kwamba shule niliiacha darasa la saba.

Msimu wa tisa tulikwenda Homa Bay kucheza mechi ambayo mshindi wake angepanda daraja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na upande wa uwanja ulio karibu na ziwa ulikuwa matope. Nguzo aliyesimama mbele yangu aliitwa Okoth, fundi wa injini za boti, mfupi, mpole, mwenye mgongo ambao Ouma angeweza kuweka juu yake mabesheni mawili. Huka wao alikuwa Odero, kinyozi, msemaji hata kichwa chake kikiwa kimebanwa. Tukikaribia kugusana mabega alikuwa akiniambia, “Mwita, nywele zimekuwa ndefu, pitia dukani.”

Okoth alinitesa siku nzima. Mara mbili aliniinua mpaka njumu zangu zikaachana na ardhi, na mtu wa uzito wangu hajazoea kuwa angani. Dakika za mwisho tulikuwa tunaongoza kwa alama mbili. Ikatokea skramu mita tano kutoka mstari wetu wa goli, mpira ukiwa wao. Kila mtu alijua watatusukuma mpaka ndani. Tukashikana, tukagusana, wakaanza kutembea nasi. Nilihisi miguu yangu inateleza, inarudi. Refa alikuwa upande wa pili. Nikavuta. Nikalegeza goti.

Okoth alishuka, na Odero, ambaye mikono yake ilikuwa imewashika wenzake na hakuwa na cha kujikingia, alishuka naye kwa kichwa. Filimbi ikalia. Refa akanyoosha mkono kuelekea kwetu, penalti yetu, Okoth ameangusha skramu. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Odero hakuinuka. Alikuwa amelala uso umegeuzwa upande wangu, macho wazi, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia funguo zake.

“Mikono yangu iko wapi?”

Walimlaza juu ya mlango uliong'olewa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakamfunga kichwa kisitingishike, wakampeleka hospitali kwa pikapu. Mechi ikaendelea kwa sekunde chache. Tuliupiga mpira nje, tukashinda. Wenzangu waliniinua mabegani kwa sababu ile penalti ilikuwa ya skramu na skramu ni mimi. Walinibeba hatua nne hivi, wakaniangusha. Nilifurahi kuanguka.

Tulipokuwa tunarudi tulisimama Rodi Kopany kunywa chai. Vijana walikuwa wanaimba nje. Ouma akaja akaketi mbele yangu ndani ya hoteli, akatia sukari, akakoroga muda mrefu.

“Kichwa changu kilikuwa kando ya paja lako,” akasema. “Goti lako lilishuka kwanza.”

Nilisema palikuwa na utelezi.

“Palikuwa na utelezi. Lakini goti lilishuka kwanza.” Akanywa chai yake yote kabla ya kuendelea. “Omera, ndugu yangu, sitaweka kichwa changu pale tena mpaka umwambie Odero.”

Katika timu nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa mahali pa kujua. Angenyamaza, hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua mpaka leo. Nililifikiria hilo sana wiki zilizofuata, na sikulifikiria kwa namna ya kujivunia.

Nilipanga kwenda Homa Bay Jumapili iliyofuata. Nilifika Rongo, nikanunua mkungu wa ndizi wa kumpelekea mgonjwa, nikajiambia ndizi ni nzito na safari ni ndefu, nikarudi. Mara ya pili nilifika Rodi Kopany na mananasi mawili. Nikaingia kwenye hoteli ileile, nikaketi mpaka chai ikapoa, nikarudi. Matunda yote tuliyala nyumbani. Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi moja, Boke, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alinisindikiza mpaka barabarani.

“Leo usinunue kitu njiani,” akasema. “Nenda mikono mitupu, labda utafika.”

Nikafika. Odero alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kola ngumu shingoni, miguu yake juu ya kigoda. Alinipokea vizuri kupita kiasi. Alimwita mkewe, Mama Akinyi, aniletee soda, akamwambia huyu ndiye profesa wa Migori, ametoka mbali kuja kuniona. Kisha akanieleza habari zake. Madaktari walimwambia ana bahati, mifupa ya shingo haikukata mshipa wa fahamu. Miguu inatembea. Mkono wa kushoto ulirudi siku ya tatu. Wa kulia unatetemeka, haujui kushika kitu chembamba, na utachukua muda wake kupona, au hautapona. Ule ndio uliokuwa ukishika mashine ya kunyolea. Kiti chake dukani kilikuwa na kinyozi mwingine. Raga, alisema, tuache kuizungumzia.

Halafu yeye mwenyewe akaizungumzia. Alisema Okoth huja pale kila Jumapili, huketi kwenye jiwe pale uani. Hupasua kuni, huteka maji, kisha huondoka. Mama Akinyi hajampa hata kikombe cha chai. Yeye Odero hajamwangalia usoni tangu siku ile.

“Tumecheza pamoja tangu shule,” akasema. “Najiuliza alifanyaje akaniangusha.”

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga, marefu, yaliyoanza na matope na mvua. Sikuyatumia. Nilimwambia Okoth hakumwangusha. Nilimwambia mkono ulikuwa wangu na goti lilikuwa langu, na nilifanya makusudi, na haikuwa mara ya kwanza kuufanya ujanja ule.

Odero hawezi kugeuza shingo, kwa hiyo aligeuka mwili wote.

“Rudia.”

Nikarudia. Akamwita mkewe, akaniambia nirudie mbele yake. Nikarudia mara ya tatu. Mama Akinyi alichukua chupa ya soda iliyokuwa mbele yangu, nusu yake bado imo, akaingia nayo ndani.

Nilidhani Odero atanifukuza, na ningeondoka kwa shukrani. Badala yake alishusha miguu yake kutoka kwenye kigoda, akatafuta viatu.

“Mimi nitakukasirikia baadaye, nina muda,” akasema. “Twende kwa Okoth.”

Karakana ya Okoth iko karibu na ziwa, mabati manne na pipa la maji la kujaribia injini. Tulitembea polepole kwa sababu ya ile kola. Kila mtu njiani alimsalimia Odero, na kila aliyemsalimia alinitazama mimi. Okoth alikuwa ameinama juu ya injini. Alipomwona Odero amekuja kwa miguu yake alisimama haraka, akapangusa mikono kwenye suruali. Odero akanisukuma mbele kwa mkono wa kushoto. Nikalieleza tena, mara ya nne siku ile, mbele ya fundi wa pili na wateja wawili waliokuwa wakingoja injini yao.

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Hata saa yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Okoth alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kisha akasema neno moja.

“Nionyeshe.”

Sikumwelewa. Akasogeza pipa kando, akainama pale kwenye vumbi, mgongo bapa, akaninyooshea mkono. Alitaka skramu. Nikainama mbele yake. Tukashikana, bega kwa bega, mikono yake ya grisi kwenye shati langu la Jumapili. Akaanza kusukuma, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, kama alivyosukuma siku ile, na mimi nikaanza kurudi nyuma kama nilivyorudi siku ile. Nikavuta kwa mkono wa nje. Nikalegeza goti. Tukaanguka wote wawili, yeye kifudifudi, mimi juu yake.

Nilijiondoa juu yake. Kisha akageuka, akaketi, uso umejaa vumbi.

“Basi haikuwa mimi,” akasema.

Hakuwa akisema nami. Akamtazama Odero, akarudia kwa Kijaluo, “Ne ok an.” Alilisema mara mbili zaidi. Wiki zote zile alikuwa akijaribu kukumbuka alikosea wapi, mguu upi, mkono upi, na hakuwahi kulipata kosa kwa sababu halikuwapo. Odero alichuchumaa kwa shida kando yake, akamwekea mkono wa kushoto kichwani, akauacha pale. Mimi nilitazama ziwa. Sikuwa na kazi nyingine pale, na hakuna aliyenihitaji, ila sikujua namna ya kuaga.

Okoth ndiye aliyenisaidia. Aliinuka, akanawa mikono kwa petroli, akarudi kwenye injini yake.

“Na refa naye umwambie,” akasema bila kugeuka.

Nilimwambia refa. Kabla ya hapo niliwaambia wenzangu, Jumanne baada ya mazoezi, na mtu alinirushia kiatu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha nani. Mwalimu Okeyo alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu, kisha akawaandikia wasimamizi wa ligi barua ambayo mimi niliitia sahihi. Walijibu kwamba matokeo ya uwanjani hayabadilishwi, lakini mimi nisiguse mpira msimu mzima. Timu ikapanda daraja bila mimi, ikashindwa mechi zote isipokuwa mbili, ikashuka. Wengine walisema tulishuka kwa sababu skramu haikuwa na profesa. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na ilitolewa kwa matusi.

Msimu ule nilibeba chupa za maji na kuwapandishia vijana besheni mgongoni. Niliwagundulia kasoro nyingi sana. Ni ajabu jinsi mgongo wa mtu mwingine unavyoonekana vizuri wewe ukiwa umesimama.

Nilipomaliza adhabu, siku ya kwanza ya mazoezi, Ouma aliinama nyuma yangu na kuweka kichwa chake mahali pake pa zamani. Alicheza misimu miwili zaidi, kisha akarudi kwenye vyuma vyake moja kwa moja.

Odero hakurudi uwanjani. Alinikasirikia kama alivyoahidi, karibu mwaka mzima, kwa simu, kila aliponikumbuka. Mkono wa kulia ulipona nusu. Alijifunza kunyoa kwa wa kushoto, na kwa kuwa wateja waliogopa, alinitumia ujumbe kwamba ana kiti kitupu. Kila mwezi tangu hapo nimekuwa nikipanda gari kutoka Migori kwenda kunyolewa Homa Bay. Mwanzoni nilirudi nyumbani na vidonda. Boke aliniuliza kama Odero ameacha kunikasirikia au ndio kwanza ameanza. Siku hizi ananyoa vizuri, ila mstari wa kisogoni hupanda upande mmoja, na sijawahi kumwambia. Mama Akinyi alichukua miaka minne kunikaribisha ndani.

Na Okoth alirudi kucheza. Tulikutana misimu kumi iliyofuata, mara mbili kila msimu, yeye wa kushoto kwao, mimi wa kulia kwetu. Kila skramu, kabla mabega hayajagusana, alikuwa akiniambia neno moja: “Goti.” Alilisema bila ubaya, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake kufunga mlango. Sikulilegeza tena. Kwa sababu hiyo nilisukumwa nyuma katika viwanja vyote vya Migori na Homa Bay, mbele ya watu wote ninaowafahamu, na rekodi yangu ya skramu kwa miaka kumi ile ni ya kusikitisha. Vijana, mkisikia nilikuwa nguzo mkubwa, ni habari za miaka ile mingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Funga masikio. Mgongo uwe bapa. Ukizidiwa, zidiwa ukiwa juu. Utarudi nyuma mita tano, watafunga, mashabiki watakutukana, na jioni watu wote kumi na sita watakwenda nyumbani wakitembea.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, Homa Bay, na ilikuwa ya mwisho kwa Okoth pia, ingawa hatukupanga. Nina miaka arobaini na mmoja, yeye amenizidi kidogo. Makocha wote wawili walituingiza zikiwa zimebaki dakika kumi, nadhani kwa huruma. Skramu ya mwisho ilisimama katikati ya uwanja. Hawakutusogeza, hatukuwasogeza. Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Wenzetu kumi na wanne wakaachana, wakaanza kupeana mikono. Mimi na Okoth tukabaki tumeinama, bega kwa bega, kila mmoja ameshika jezi ya mwenzake.

Watu wa pembeni walidhani tunaagana kwa heshima, wakaanza kupiga makofi. Nilimsikia Odero akipiga mluzi. Haikuwa heshima. Mgongo wangu ulikuwa umekataa kunyooka. Nilipomnong'oneza Okoth, akaniambia wake ulikataa tangu skramu iliyotangulia.

“Usiniachie,” akasema. “Nikihesabu tatu, tunainuka pamoja.”

Akahesabu. Hatukuinuka. Akahesabu tena.